Watu Kumi na Sita, Mguu Mmoja

JUMATATU

Jumatatu asubuhi, umande haujakauka kwenye majani ya tangawizi, watu kumi na sita walifika uwanjani kwangu kuja kuumwa mguu usio wao.

Walikuja kama wanavyokuja siku yoyote ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Pembe ilipigwa Jumapili jioni kule juu kilimani, na kwetu Mbaghoni pembe ikishapigwa mtu haulizi kazi ni ya nani. Anauliza tu aje na jembe au aje na panga. Safari hii waliambiwa waje na mikono mitupu na matumbo yaliyoshiba. Mrindoko, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja na kigoda chake kabisa.

"Shemeji," akaniambia, "nimesikia hapa kuna uchungu wa bure. Nimewahi foleni."

"Kaa chini, mzee wewe. Ukiupata utalia kama mbuzi."

"Nikilia utanibembeleza?"

Watu wakacheka. Nilitaka wacheke, maana ndani, nyuma ya pazia, mjukuu wangu Namkunda alikuwa amelala chali, uzi hai umeshapandwa kiunoni mwake, na nilitaka asikie kwamba nje kuna watu wake na kwamba hawana hofu.

Namkunda ana miaka kumi na tisa. Nimemlea tangu ana miezi minane, tulipomzika mama yake. Mwaka juzi ndege-mzigo, hizi zinazoshusha magunia ya tangawizi kutoka matuta ya juu mpaka barabarani, iliishiwa nguvu hukohuko angani ikamwangukia shambani. Haikumuua. Ilimkata mishipa ya fahamu upande wa kulia, mguu ukabaki unaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Ukiuchoma sindano hana habari. Siku moja aliuweka karibu na jiko, akasikia harufu kabla hajajua kwamba ni yeye anayeungua.

Aliyetuletea uzi ni Dokta Mshana, binti wa Usangi, mtu wa heshima, hawezi kuingia nyumbani bila kunipa shikamoo hata kama ametoka nje dakika mbili tu. Alitueleza habari ya uzi mara tatu, na mara ya tatu nikaelewa. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitasema nilivyoelewa.

Uzi ule ni kitu chenye uhai. Unapandwa kiunoni, nao unaota kushuka kama mzizi, siku saba, mpaka vidoleni. Ukifika, mguu unaamka. Siku ya saba jioni unakauka, na pale ulipofikia ndiyo mwisho wake. Haupandwi mara ya pili, mwili unaukataa. Na ganzi haitakiwi, kwa sababu ukiua uchungu umeua na uzi. Zamani, alisema dokta, wengi walikuwa wakifika siku ya pili tu wanalia watolewe. Ndipo wataalamu wakatengeneza sanduku.

Sanduku halipunguzi uchungu, linauhamisha. Uchungu unatoka mguuni, unaingia sandukuni kwa bangili anayovaa mgonjwa mkono wa kulia. Sanduku linaukata vipande, na kila mbebaji aliyevaa bangili anapokea kipande chake, cha kuvumilika, kama jino bovu. Lakini robo nzima lazima imrudie mwenye mguu, kwa bangili ya mkono wa kushoto. Ndivyo sheria ilivyo.

"Kwa nini robo, mwanangu?" nilimwuliza dokta. "Mbona tuko wengi? Tungeimaliza yote."

"Ubongo wake usipojua, bibi, mguu nao hautajua."

Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kwa sababu nilishauliza mara tatu na niliona aibu kuuliza ya nne.

Sasa lazima ujue jambo moja la kwetu. Siku ya msaragambo mwenye shamba hashiki jembe. Anapika, anashukuru, anakaa. Akishika jembe ni kama anawaambia watu kwamba ni wachache, au ni wavivu. Kwa hiyo ile robo ilituuma wote tangu tulipoisikia. Mtoto amekaa miaka miwili na mguu mfu, watu kumi na sita wamejitolea, halafu tumwachie robo yeye mwenyewe! Tukakaa, dokta hayupo, tukasemezana, na hakuna aliyepinga. Mrindoko ndiye fundi wetu wa ndege-mzigo, mikono yake ni myepesi. Akachonga bangili nyingine inayofanana na ya kushoto kama pacha, ila ndani haina kitu. Ile ya kweli angeivaa mtu mwingine badala ya mtoto, lakini hujaribu damu kwanza, nayo haikubali ila damu ya mgonjwa mwenyewe au damu iliyo karibu naye sana.

Damu iliyo karibu naye sana hapa duniani ni yangu.

Basi asubuhi ile nilimvisha Namkunda ile pacha, na ya kweli nikaisukuma mkononi mwangu, juu kabisa, chini ya mkono wa sweta.

"Tayari, bibi?" dokta akauliza.

"Tayari."

Akawasha sanduku. Mguu wangu wa kulia, mguu wangu mzima wa kizee, ukashika moto. Ilikuwa kama mtu ananipitishia wembe ndani ya mfupa, taratibu, hana haraka. Nilishika ukingo wa meza. Nje uwanjani watu waliguna wote kwa pamoja, kisha sauti ya Mrindoko ikalia, "Mee!" na wakapasuka kwa kicheko katikati ya maumivu yao.

Namkunda alikuwa amefumba macho, meno ameyauma, anangoja. Akangoja. Kisha akafumbua jicho moja.

"Ndiyo hii tu?"

"Unasikiaje?" nikamwuliza, sauti yangu naisukuma ili itoke.

"Kama... sijui. Inawasha kidogo hapa mkononi." Akaanza kucheka, machozi yanamtoka. "Bibi, mimi nilidhani nitakufa!"

"Wewe ni shupavu," nikamwambia. Mungu anisamehe.

JUMANNE NA JUMATANO

Dokta aliondoka Jumatatu mchana kwenda vijiji vingine, akasema atarudi Alhamisi na kioo cha kupimia.

Siku mbili zile zilikuwa za furaha kwa Namkunda na za moto kwangu. Waliovaa bangili walipokezana, asubuhi wanane, mchana wanane. Waliokuwa hawana zamu walinilimia palizi yangu yote. Waliniondolea kipande changu cha mbebaji, wakasema ile robo inanitosha. Inanitosha! Nilikuwa nikisimama kukoroga uji, nakaa. Nikisimama kuchota maji, nakaa. Namkunda akaniuliza mbona nachechemea.

"Uzee," nikasema.

"Pole bibi. Ngoja nipone, nitakubeba mgongoni."

Tulikuwa tukitegeana vitendawili, kama tulivyozoea tangu utotoni mwake. Mchezo huo ulinisaidia, maana mtu anayefikiria jibu anasahau mguu kidogo.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Wanacheza ngoma juu ya moto, wakichoka tunawala."

"Bisi," akasema papo hapo. "Bibi, hicho ni cha watoto wa chekechea. Umechoka au vipi?"

Jumanne hiyohiyo alimpigia simu rafiki yake Elieshi aliyeko Korogwe, nami niko palepale namenya viazi. Akamwambia, "Nakuambia kweli, robo yote naibeba mimi mwenyewe na wala sijalia hata mara moja. Mimi sikujua kama niko hivi." Alisema neno hilo, *sikujua kama niko hivi*, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuuona miaka miwili. Nilifurahi kama mjinga. Nilijiambia, tazama, hata kama mguu ungechelewa, moyo umeshapona.

ALHAMISI

Dokta Mshana alirudi Alhamisi saa sita mchana, akanipa shikamoo, akatoa kioo. Ni bamba jembamba tu. Ukilipitisha juu ya mwili unaona uzi unang'aa ndani, rangi ya maziwa mabichi.

Akalipitisha kiunoni. Uzi upo. Pajani, upo. Akafika juu ya goti, akasimama. Akarudi nyuma, akapitisha tena.

Uzi ulikuwa umejikunja pale juu ya goti, umejizungusha mara tano, mara sita, kama mzizi wa mti uliopandwa kwenye kopo.

"Siku ya nne," dokta akasema polepole. "Ulitakiwa uwe umeshapita goti na kushuka nusu ya muundi." Akatazama namba za sanduku. Namba zilikuwa sawa, zote sawa, kwa sababu sanduku linahesabu tu kwamba robo imerudi kwenye damu inayofaa. "Sijui, bibi. Namkunda, mdogo wangu, sijui nikuambie nini. Hutokea. Mwili wa mtu unaukataa tu, si kosa la mtu yeyote. Nitautoa kesho asubuhi, kabla haujakuletea maradhi."

Namkunda hakulia. Akasema, "Lakini mimi sikulegea. Niliibeba robo yote."

"Najua," dokta akasema. "Nimeona namba."

Nilitoka nje. Mrindoko alikuwa kwenye kigoda chake chini ya paa la ghala, bangili mkononi, amekunja uso kwa maumivu ya zamu yake. Nikamweleza. Akasema kwa sauti ya chini, "Ni ile pacha?"

"Naona ni hiyo. Dokta alisema ubongo usipojua mguu hautajua. Sasa ndiyo naelewa."

"Sasa shemeji, sikiliza. Amesema hutokea. Amesema si kosa la mtu. Kesho uzi unatoka, mtoto haumwi tena, wala hakuumwa. Atalia wiki, atanyamaza. Ukimwambia, utampa nini? Utampa mguu?"

"Sijui."

"Utampa uchungu na utampa kisa cha kukuchukia. Na ana nani mwingine, mtoto yule? Ana wewe tu."

Maneno yake hayakuwa ya kijinga. Niliyageuza mara nyingi. Kama ningenyamaza, Namkunda asingepata tena maumivu hata ya punje, na mimi ningebaki bibi yake yuleyule. Ningekuwa nimemlinda mpaka mwisho. Lakini nilikuwa nasikia sauti yake, *sikulegea*, na nilijua kwamba maisha yake yote atatembea na mkongojo akidhani alifanya kila kitu na mwili wake mwenyewe ndio uliomkana.

"Vua bangili yako, upumzike," nikamwambia Mrindoko. "Naenda kusema."

"Shemeji."

"Nimesema naenda."

Niliingia, nikapandisha mkono wa sweta mbele yao wote wawili. Bangili ilikuwa imeniachia alama nyekundu kwenye ngozi. Sikuwa na maneno ya kupamba. Nikasema, "Ya kweli ni hii. Hiyo uliyovaa ni bati tu. Uchungu wako nilikuwa nao mimi."

Dokta ndiye aliyepata sauti kwanza. "Bibi! Bibi Naelijwa, umefanya nini!" Akakaa kitandani, akashika kichwa. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwenye moyo wa kufundisha hata akiwa na hasira, akanieleza kwa mara ya nne, na safari hii aliuchora mguu kwenye karatasi. Uchungu unapanda kutoka mguuni mpaka kichwani, akasema, na kichwa kinajibu. Jibu ndilo linaloshuka mguuni, na uzi unafuata jibu kama mbwa anavyofuata mwito wa mwenyewe. "Sasa kichwa chako, bibi, ndicho kilichokuwa kinajibu. Na kilijibu kwenye mguu wako wewe. Uzi wa Namkunda umeshuka kwa nguvu zake wenyewe mpaka gotini, umekwama pale, unasikiliza, hakuna anayeuita."

Namkunda alikuwa anaitazama ile bangili ya bati mkononi mwake. Aliivua, akaigeuza, akachungulia ndani.

"Haina kitu," akasema.

"Nilikuonea huruma, mjukuu wangu."

"Ile kuwasha ilikuwa nini?"

"Sijui. Labda bati."

"Bati." Akaiweka kitandani taratibu. "Nilimpigia simu Elieshi nikajisifu. Ulikuwa hapo, bibi, unamenya viazi. Uliniacha nijisifu."

Kama angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Toka kwanza," akaniambia. "Tafadhali."

Nikatoka, nikakaa kizingitini kwa nje, mahali ambapo mbwa wetu hukaa. Nilimsikia akizungumza na dokta, maneno machache machache. Baada ya muda dokta akaniita.

"Amechagua kuendelea," akasema. "Nimemwambia ukweli wote. Zimebaki siku tatu, na njia iliyobaki ni ndefu kuliko muda. Robo haitoshi tena. Ili uzi ukimbie, uchungu wote lazima umrudie yeye, robo zote nne, bila mbebaji hata mmoja. Na hata hivyo siahidi. Unaweza kuishia kwenye muundi. Unaweza kufika kifundoni ukakauka hapo."

"Na ukikauka hapo?"

"Usipofika kisiginoni hatakanyaga, bibi. Kisigino ndicho kinachomwambia mtu kwamba amefika chini."

Nikamtazama Namkunda. "Angalau nusu. Angalau nibebe..."

"Bibi." Hakupandisha sauti. "Watu wote wavue bangili. Na wewe uvue hiyo, unipe niivae mimi. Lakini usiondoke. Utakaa hapa," akaonyesha mahali pa kuweka kigoda, karibu na kichwa chake, "na mikono yako niione."

IJUMAA

Sitaeleza Ijumaa yote. Nitasema tu kwamba nilizaa watoto watano na nimezika watatu, na sikuwahi kukaa siku ndefu kama ile.

Alianza kwa kukaza shingo. Kisha akauma kanga. Kisha akatoa sauti ambayo haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu anayenyanyua gunia zito kuliko yeye, ananyanyua, ananyanyua, na hapati kulitua. Uchungu ulikuwa unakuja kwa mawimbi. Dokta alikaa kwenye sanduku muda wote. Mimi nilikaa na mikono yangu magotini. Hujui mikono ina uzito kiasi gani mpaka uikataze kazi. Nilijua uchungu ule, ningeweza kukuambia unapita wapi, nilikuwa nao siku nne; ila wangu ulikuwa robo.

Wimbi likipita nilimfuta jasho, nikampa maji kwa kijiko. Hakunisemesha mpaka saa tisa alasiri.

"Wako nje?"

Nikachungulia. Walikuwepo. Wote kumi na sita, hawana bangili, hawana zamu, na hakuna aliyewaita. Wengine wameshika majembe wamesimama nayo tu, maana palizi waliimaliza Jumatano.

"Wapo."

"Wanafanya nini?"

"Hawajui cha kufanya."

Kitu kama tabasamu kikapita usoni pake. "Waambie wazungumze. Wakinyamaza nasikia naumwa peke yangu."

Nikatoka kuwaambia. Mrindoko hakunitania. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji, sijawahi kuona aibu kama hii. Mwenye shamba analima peke yake, sisi tumekaa tunamtazama."

"Hamkukaa bure. Anawasikia. Zungumzeni."

"Tuzungumze nini?"

"Hilo nalo unaniuliza? Miaka yote hii umezungumza bila kuulizwa."

Akavuta pumzi. Kisha akapaza sauti akaanza kisa cha ng'ombe wake aliyekula suruali ya mchungaji, kisa ambacho kila mtu pale amekisikia mara ishirini, na walikisikiliza kama kipya.

JUMAMOSI

Asubuhi dokta alipitisha kioo. Uzi ulikuwa umejikunjua. Umepita goti, umefika katikati ya muundi.

"Unakimbia," akasema. "Unakimbia, mdogo wangu."

Lakini kadiri ulivyokimbia ndivyo ulivyouma. Mchana, jua liko utosini, lilikuja wimbi ambalo halikutaka kupita. Namkunda alishika ukingo wa kitanda mpaka kucha zikawa nyeupe. Akageuza uso kwangu, na macho yake yalikuwa macho ya mtoto wa miaka mitatu.

"Bibi. Vaa."

Bangili moja ya wabebaji ilikuwa juu ya sanduku, hatua moja kutoka kwangu.

"Vaa bibi. Kidogo tu. Dakika moja. Bibi nakuomba."

Dokta alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Aliniachia mimi.

Nilisimama. Siwezi kudanganya, nilisimama na nikaichukua ile bangili mkononi. Ilikuwa na joto. Jumatatu nilimwibia uchungu bila kumwuliza, kwa sababu nilijua mimi ni nani kwake. Sasa alikuwa ananipa mwenyewe, kwa kinywa chake. Na kama ningekataa, nikakaza moyo, nikasema kwa faida yako, hapo pia ningekuwa nachagua kwa niaba yake. Nikaona kwamba njia zote mbili ni wizi uleule.

Nikakaa tena, nikamwonyesha bangili karibu na macho yake.

"Namkunda, nisikilize. Nikivaa, utapumzika, na uzi utasimama. Dokta hajui kama utaanza tena. Usipotaka nivae, utaendelea kuumwa hivi mpaka kesho jioni. Mguu ni wako. Ukisema tena vaa, navaa, na sitakulaumu maisha yangu yote. Sema."

Alipumua. Alipumua tena. Jasho lilikuwa linaingia masikioni mwake na sikulifuta, nilikuwa naogopa kumgusa asije akadhani ni jibu. Nje Mrindoko alikuwa amefika pale mchungaji anapotafuta suruali.

"Kitendawili," Namkunda akasema. Neno lilitoka limevunjika vipande vitatu.

Nilikawia kuelewa. Kisha nikaweka bangili chini. "Tega."

"Ndugu wawili... wako safarini. Kila mmoja... anamwacha mwenzake nyuma... na wanafika pamoja."

Kitu rahisi, mtoto yeyote anakijua. Lakini naapa kwamba wakati ule akili yangu ilikuwa nyeupe kama sahani. Niliwaza mapacha. Nikawaza jua na mwezi.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Korogwe."

"Sitaki Korogwe. Mkubwa."

"Chukua Tanga."

"Nimekwenda Tanga... nikala... nikanywa..." Wimbi likamkata. Akafumba macho, akangoja lipite, akafumbua. "Ni miguu, bibi. Hata wewe!"

"Tega kingine," nikamwambia, nalia na kucheka.

Akatega kingine, na kingine. Mpaka jua linakwenda magharibi nilikuwa nimeshampa Tanga, Moshi, Arusha, Lushoto, na Mombasa ambayo si yetu. Dokta naye aliombwa mji akatoa Usangi, Namkunda akaukataa, akasema ni mdogo na wenyewe wanaringa. Bangili haikuguswa.

JUMAPILI

Uzi unakauka saa kumi jioni. Hilo sote tulilijua, na hakuna aliyelitaja.

Asubuhi kioo kilionyesha uzi uko juu kidogo tu ya kifundo. Saa tano uko palepale. Saa sita dokta alipitisha kioo, akakaa muda mrefu ameinama, na nilipomwuliza akasema, "Kifundoni mifupa ni mingi, bibi. Unatafuta upenyo." Alisema kwa upole mno, na upole ule ulinitia hofu.

Namkunda alikuwa hana sauti tena. Midomo imepasuka. Aliumwa kimya, na kila nilipomwuliza wapi, alijibu kwa kunong'ona: "Goti." Baadaye, "Muundi." Baadaye tena, "Muundi." Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba hata ukiishia hapo nitamwambia amefanya kazi kubwa, na itakuwa kweli, wala sitaongeza neno. Nilishaongeza ya kutosha.

Saa nane alishtuka. Alinyanyua kichwa kwenye mto, uso umekunjamana, akatazama chini kitandani kama mtu aliyesikia mlango unagongwa.

"Bibi."

"Nipo. Wapi?"

"Chini." Akameza mate. "Huku chini kabisa. Bibi, kuna mtu anachoma..."

Dokta aliacha kioo kikaanguka juu ya blanketi.

"Wapi, Namkunda? Sema panaitwaje."

"Kisigino," akasema, na sauti yake ikarudi yote kwa mara moja, kubwa, ya hasira, ya mtu mzima. "Kisigino kinaniuma! Bibi, kisigino kinaniuma vibaya sana!"

Nje kisa cha Mrindoko kilikatika katikati. Nikasikia mtu anarudia neno lile, kisha mwingine, likapita uwanja mzima.

"Pole..." nilianza.

"Usinipe pole!"

"Sikupi. Kinauma namna gani?"

Akaanza kunieleza, na mimi nikasogeza kigoda nimsikie vizuri.